Kabila la Kuazima

"Boaz, kitanda chako kimehama."

"Kimehamia wapi?"

"Dirishani. Kwa watu wako."

Boaz alisimama mlangoni, buti mkononi. Alikuwa ametoka lindo la usiku Silicon Oasis, macho mekundu kwa usingizi, na chumba alichokiacha jana hakukitambua. Vitanda vya chuma vya ghorofa, ambavyo siku zote vilikaa ovyo, sasa vilikuwa vimesukumwa makundi mawili. Kundi moja dirishani, kundi jingine karibu na choo. Katikati pamebaki njia ya vigae vitupu.

Ilikuwa Januari 2008. Kenya ilikuwa inawaka kwa sababu ya uchaguzi, na moto ule ulikuwa umepanda ndege bila tiketi ukafika mpaka ghorofa ya sita, Al Nahda, Dubai.

"Nani kapanga hivi?"

"Mimi," alisema Isaiah. Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la nguo, redio ndogo sikioni. Isaiah alikuwa Mjaluo wa Siaya, mkubwa wao kwa umri, ndiye aliyewafundisha wote kupiga pasi sare za ulinzi. "Sisi huku, wao kule. Asiyetaka akalale kwa arbab, kwa bosi."

Boaz alitazama kule. Gibson, Mkikuyu wa Nakuru, alikuwa amelala kitanda cha chini, uso ukutani, blanketi mpaka kichwani.

"Isaiah, kaka, mimi nimezoea kulala juu ya Gibson. Bila ule mkoromo wake nitadhani nimekufa."

Mwezi uliopita chumba kizima kingecheka.

"Hama tu, Boaz," sauti ilitoka ndani ya blanketi. "Usinitafutie balaa."

Simu ya Boaz ikalia mfukoni. Meseji.

*Mama amekubali!!! Ijumaa asubuhi anataka kusikia sauti yako. Jitayarishe mume wangu. Usile vitunguu, atanusa kwenye simu. Eseza wako.*

Akaisoma, akaisoma tena. Ilikuwa habari aliyoingoja kuliko mshahara. Akachukua godoro lake, akalipeleka dirishani, kwa watu wake.

Watu aliowaazima.

Kwa maana Boaz Okello hakuwa Mjaluo. Hakuwa hata Mkenya. Alikuwa Mwacholi wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Alipofika Dubai mara ya kwanza alipangiwa chumba na Waganda. Siku waliyojua anatoka kaskazini, mmoja wao alimuuliza, kwa upole kabisa, baba yake alikuwa na kazi gani mwaka themanini na tatu, wakati jeshi la watu wa kaskazini lilipokuwa likiua raia Luwero. Boaz akasema askari. Kuanzia siku ile sufuria ya posho, ugali wao, ikawa inapita mbele yake bila kusimama. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemsalimu.

Isaiah ndiye aliyemwokota. Alimsalimu Kijaluo, Boaz akajibu Kiacholi, wakaelewana, maana lugha hizo zimenyonya ziwa moja.

"Wewe ni wetu," Isaiah alimwambia. "Okello hata kwetu wapo. Paspoti ziko kwa kampuni, nani atakuuliza? Hamia kwetu."

Akahamia. Akawa Mkenya, Mjaluo, shabiki wa timu za Kisumu. Isaiah peke yake ndiye aliyejua kwamba si Mkenya.

Halafu akaja Eseza. Kituo cha basi, Al Garhoud, jua kali, msichana mwenye sare ya usafi wa hoteli akipepea uso kwa ramani ya mabasi.

"Samahani ssebo, wewe ni Mkenya?"

"Ndiyo."

"Afadhali," alisema yule msichana wa Luwero, akacheka, akakaa karibu naye.

Neno hilo moja, afadhali, lilimfunga Boaz mdomo miaka miwili.

* * *

"Sema tena," Eseza aliamuru.

"Shikamoo, mama."

"Achana na shikamoo! Hajui shikamoo, kwetu bibi huitwa nnyabo. Sema 'nnyabo', polepole, kama mtu mwenye adabu."

"Nnyabo, polepole, kama mtu mwenye adabu."

"Boaz!"

Alimpiga begani, chai ya karak ikamwagikia meza. Walikuwa kwenye mkahawa mdogo nyuma ya hoteli, mahali ambapo ndege zilipita chini kiasi kwamba wateja walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea na sentensi zao.

"Na kwa nini aniongeleshe mama mwenyewe?" Boaz aliuliza. "Uliniambia kwenu mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani."

"Kazi hii ni ya senga, dada wa baba. Ndiye anayempima mwanamume. Sasa mimi masenga wangu wote waliishia Luwero, pamoja na baba. Mama anafanya kazi isiyo yake, na ana aibu nayo. Kwa simu afadhali, hamtaonana."

"Tutaongea lugha gani?"

"Nitatafsiri. Mama Kiswahili anachokijua ni kile cha askari. Fungua. Lala chini. Leta. Basi. Redio ikianza Kiswahili anaizima. Siku aliponisikia kwenye simu nikiongea nawe, alidhani nimekamatwa. Ilibidi nimwimbie wimbo wa kanisani ndipo aamini niko salama."

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Bado anawachukia?" Boaz aliuliza, macho kwenye kikombe.

"Kina nani?"

"Wale wa kaskazini."

"Hawachukii. Anawaogopa. Ni vitu viwili." Eseza alishusha sauti. "Walimshusha baba kwenye kizuizi cha barabarani, mbele ya mama, mimi nikiwa mgongoni kwake. Aliitwa Yekoniya, alikuwa anauza baiskeli. Halafu wakaja nyumbani wakabeba mabati, masufuria, magodoro. Magodoro, Boaz! Mtu unaua halafu unabeba godoro."

Boaz alizungusha kikombe mezani.

"Ndiyo maana nakushukuru," Eseza aliendelea, akimshika kidole kimoja chini ya meza, maana Dubai si mahali pa kushikana mkono mzima. "Kwa kuwa Mkenya. Kama ningempenda mtu wa kule ningemuua mama kwa mkono wangu."

"Eseza."

"Nini?"

Ndege ilipita. Mkahawa mzima ulinyamaza. Ilipokwisha kupita, kila mtu aliendelea na sentensi yake, isipokuwa Boaz.

"Chai yako inapoa," alisema.

* * *

Jumatano mchana Isaiah alipigiwa simu kutoka Naivasha.

Hakupiga kelele. Alisikiliza, akasema "eeh", akasema "eeh" tena, akaweka simu juu ya mto kama kitu kinachoweza kuvunjika. Mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa amefungiwa ndani ya nyumba, nyumba ikachomwa na vijana wa Kikuyu.

Kisha akainuka, akavuka ile njia ya vigae, akaanza kutupa nguo za Gibson mlangoni.

"Isaiah!" Boaz aliruka kutoka kitandani.

"Atoke. Yalla. Atoke na harufu yake."

"Kafanya nini huyu? Alikuwa lindo na wewe jana!"

"Nimekwambia atoke!"

Gibson alisimama amevaa suruali na fulana, mikono imening'inia pembeni. "Pole, Isaiah," alisema. "Wallahi pole."

Alikuwa Mkristo, hilo 'wallahi' alilizoea kazini. Lilizidi kumuudhi Isaiah.

"Usiniambie pole! Boaz, shika miguu ya kitanda. Tunakitoa nje."

Boaz hakusogea.

"Shika!"

"Sishiki."

"Unasema?"

"Sishiki, kaka. Nimeshaona hii. Huanza na kitanda." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nakuomba. Hii mimi si vita yangu."

Isaiah aligeuka polepole. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililotisha.

"Si vita yako?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Umekula jina letu miaka yote hii. Umecheka nasi, umepewa mahali pa kulala, umepewa hata mwanamke kwa jina letu. Siku za harusi wewe ni Mjaluo. Siku ya msiba unasema si vita yako?"

"Isaiah, kaa chini. Una uchungu."

"Ndiyo nina uchungu! Na leo hautakuwa wangu peke yangu."

Akachukua simu ya Boaz mezani. Boaz angeweza kumnyang'anya. Baadaye alijiuliza sana kwa nini hakumnyang'anya. Lakini unamnyang'anyaje simu mtu ambaye mdogo wake ameungua asubuhi ile?

"Shemeji Eseza? Ni Isaiah. Sikia, huyu mume wako si Mkenya. Ndiyo, si Mjaluo. Ni wa kwenu huko Uganda. Mwacholi. Kitgum. Baba yake alikuwa kwenye lile jeshi. Muulize mwenyewe. Khalas."

Akairudisha simu mahali ilipokuwa, akakaa chini kwenye vigae, katikati ya ile njia yake mwenyewe, akaanza kulia kama mtoto. Hakuna aliyejua nani ana haki ya kumshika.

Boaz alimsaidia Gibson kushusha sanduku ngazi zote, maana lifti ilikuwa mbovu. Supavaiza alikuwa amempatia Gibson chumba kingine Al Quoz.

"Kwa hiyo wewe si wa kwao?" Gibson aliuliza barabarani.

"Si wa kwao."

"Wala si wa kwetu."

"Wala."

Gibson alitikisa kichwa. "Basi wewe una shida kuliko mimi," alisema, akaingia kwenye gari la kampuni.

* * *

Alimkuta Eseza geti la nyuma la hoteli, mahali wafanyakazi wanapotokea, kati ya mapipa ya shuka chafu.

"Jina lako nani?" Eseza aliuliza kabla hajasalimiwa.

"Boaz."

"Hilo ni lako, au nalo ni la Isaiah?"

"Ni langu. Nilibatizwa nalo."

"Nashukuru. Angalau nimelala nikimwota mtu mwenye jina lake." Mikono yake ilikuwa inanuka dawa ya vyoo, akaificha kwapani. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Baba yako alikuwa Luwero?"

"Alikuwa askari. Hakuwahi kusema walimpeleka wapi. Mimi nilikuwa mdogo."

"Mbona unaangalia chini? Kuna kitu. Sema."

Boaz aliingiza mikono mfukoni.

"Alirudi likizo mara moja na godoro. Lilikuwa na maua ya buluu. Kijiji kizima hakikuwa na mtoto mwenye godoro ila mimi. Wenzangu walikuja kulibonyeza kwa vidole. Niliringa, Eseza. Mwaka mzima niliringa."

Eseza alitazama mapipa ya shuka.

"Magodoro mengi yalikuwa na maua," alisema mwishowe. Hakujua anamwambia nani.

"Uliposema juzi, pale mkahawani, nilitaka kukwambia."

"Ukasema chai inapoa."

"Niliogopa."

"Hata mimi ningeogopa! Lakini mimi ningesema!"

"Ungesema? Kwa mtu aliyekwambia 'afadhali' kabla hajajua jina lako?" Boaz alipandisha sauti kwa mara ya kwanza, kisha akaishusha. "Na sisi tuliumizwa, Eseza. Wenu waliposhinda, jeshi lilikuja kwetu. Ng'ombe wakaisha. Waasi wakaja, wakabeba watoto. Sisi tukaswagwa kambini. Baba alifia kambini, juu ya mkeka, lile godoro sijui lilienda wapi. Mama yangu katoka huko mwaka jana tu. Alifika kwake akakuta msitu."

"Wenu kina nani? Mimi nilikuwa na miaka minne hao 'wenu' waliposhinda!"

"Na mimi sikuwa nimefika saba."

Walitazamana. Ndani ya jengo mtu aliita, "Housekeeping!" na Eseza hakugeuka.

"Sigombani nawe kwa ajili ya baba yako," alisema. "Baba yako simjui. Nagombana nawe kwa ajili ya ile 'ndiyo'. Nilikuuliza kituoni, ukasema ndiyo. Kila kitu nilichojenga nimejenga juu ya ile ndiyo. Nimemwambia mama. Mama kalala usingizi, Boaz. Unajua mara ya mwisho mama kulala usingizi ilikuwa lini?"

"Nifanye nini?"

"Sijui."

"Niambie nifanye nini, nitafanya."

"Nimesema sijui!" Akafuta macho kwa kiwiko. "Madam ananiita. Nenda."

* * *

Alhamisi jioni Mercyline, Mluhya wa Vihiga anayelala kitanda cha jirani, alichoka kusikia kilio cha Eseza chini ya shuka.

"Dada, nikuulize. Akikubusu, anabusu Kijaluo au Kiacholi?"

"Niache, Mercyline."

"Nauliza tu. Mimi niliolewa na Mluhya halisi, kabila safi, ukoo unaojulikana mpaka babu wa nane. Akanipiga mpaka nikakimbilia Dubai. Kwa hiyo kama kuna kabila la mume mzuri, nionyeshe niandike."

Eseza alitoa kichwa. Alikuwa amecheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio tena.

"Si mimi. Mimi ningeweza. Ni mama. Kesho saa nne anangoja karibu na simu, amevaa gomesi, lile gauni la sherehe, Mercyline. Amevaa gomesi kwa ajili ya simu."

"Basi mdanganye."

"Mama?"

"Huyo huyo. Kwani atajuaje? Yuko Luwero, wewe uko Dubai, mwanamume ana kabila tayari. Limeshatumika miaka miwili, halijachakaa."

Eseza alikaa na wazo hilo. Lilikuwa wazo baya na lilikuwa pekee lililokuwepo. Akachukua simu.

*Kesho saa nne, bustani ya Al Nahda, karibu na bwawa. Utaongea na mama. Utakuwa Mjaluo mpaka siku atakapofariki. Nimekusamehe. Mimi nitatafsiri.*

Jibu lilikuja haraka.

*Na mama yangu?*

Eseza aliisoma, akazima simu.

* * *

Ijumaa asubuhi Dubai hulala. Bustani ilikuwa na familia mbili tatu za Kihindi, watoto wakiwarushia bata mkate. Boaz alikuja amevaa shati la kanisani. Walikaa kwenye benchi, simu katikati yao, spika imewashwa.

"Hata vitunguu sikula," alisema.

"Nyamaza. Inaita."

"Eseza, mwana wange?" Sauti ya mama yake, Severina, ilitoka kana kwamba yuko ndani ya kisima. Aliongea Kiganda, na kwa nyuma kuku alikuwa analalamika.

"Ndiyo, Maama. Yuko hapa."

"Nnyabo," alisema Boaz, polepole.

Kicheko kidogo kilisikika. "Ana sauti ya mtu mrefu," mama alisema. "Mwulize kwao wanalima nini."

Eseza akatafsiri.

"Ufuta," Boaz alijibu. "Na mtama."

Eseza alimkazia macho: ufuta ulikuwa zao la kaskazini. "Mahindi," alimwambia mama yake kwa Kiganda. "Na wanavua samaki."

"Vizuri. Mwulize anakunywa pombe?"

"Kidogo, Krismasi."

"Hanywi kabisa, Maama."

"Waongo wote husema hivyo," alisema mama, akacheka tena, na Eseza akahisi kifua kinafunguka. Ilikuwa inawezekana. Ilikuwa rahisi hivi. "Mwambie mimi sina senga wa kumkaribisha, wala mume. Lakini siku ya kwanjula, ya kutambulisha mkwe, nitasimama mwenyewe. Mama yake yupo hai?"

Eseza alisita. Boaz alikuwa amelisikia neno kwanjula, na neno mama halikumpita.

"Anauliza nini?"

"Anauliza kama mama yako yupo."

"Yupo. Mwambie yupo."

"Yupo, Maama."

"Basi aje! Nataka mama mwenzangu. Mwambie nitampikia matoke kwa mikono yangu. Atalala kitandani kwangu, mimi nitalala chini. Aje tu nimwone."

Eseza alitafsiri nusu, akakwama. Boaz alimwinamia sikioni.

"Mama yangu atakuja kama nani, Eseza?"

"Tutasema mgonjwa."

"Na harusini?"

"Mgonjwa."

"Na ukijifungua?"

"Boaz, tafadhali."

"Mama yangu ametoka kambini. Anafyeka msitu kwa jembe kupata mahali pa kulala. Na mimi nimfanye mgonjwa mpaka lini? Nimzike kwa simu akiwa mzima?"

"Mwana wange?" sauti iliita. "Mbona mnanong'ona?"

"Nakuomba," Eseza alisema, na machozi yalikuwa yameshaanza. "Nakuomba uwe Mjaluo. Leo tu. Kesho tutafikiri."

Boaz aliitazama simu kama mtu anayeangalia mto atakaovuka bila kujua kina. Alitaka kumtii. Alifungua mdomo amtii.

"Nnyabo," alisema. "Kwetu Kitgum."

Eseza hakutafsiri. Kitgum haikuhitaji mkalimani.

Kuku alinyamaza, au labda mama alikuwa ameifunika simu kwa mkono. Kisha ikaja sauti ambayo Eseza hakuwahi kuisikia maishani mwake, mama yake akiongea Kiswahili, kigumu, kila neno limesimama peke yake.

"Simama hapo. Usisogee."

Boaz alisimama. Mbele ya benchi, Dubai, maelfu ya maili kutoka Luwero, alisimama wima na mikono ubavuni, na hakujua kwa nini amesimama.

"Maama!" Eseza alilia. "Maama, ni mimi, niko hapa!"

Pumzi. Pumzi nyingi. Halafu Kiganda kikarudi, cha mwanamke mzee aliyechoka.

"Mwulize, mwaka ule walipomchukua baba yako, alikuwa na umri gani."

"Alikuwa na miaka minne, Maama. Minne tu. Alikuwa mtoto kama mimi."

"Minne." Mama alilisema neno hilo kama mtu anayeonja chakula. "Basi tafsiri, mwanangu. Usipunguze, nitajua. Umepunguza toka mwanzo, unadhani sikusikia? Ufuta naujua, askari wale walikuwa wakiutaja."

"Nitatafsiri, Maama."

Akaongea kwa muda. Eseza alisikiliza amefumba macho. Watoto wa Kihindi walipita na baiskeli, wakamtazama mwanamume aliyesimama wima mbele ya benchi, wakacheka, wakaenda zao. Mwishowe simu ikakatika, na hakuna aliyejua kama ni kadi iliyokwisha au ni mama.

"Amesema nini?" Boaz aliuliza.

"Kaa kwanza."

"Amesema nini?"

Eseza alifungua macho. Hakupunguza.

"Amesema anajua si wewe. Kichwa chake kinajua. Amesema baba hatukumpata tukamzika, na vita ilipokwisha walipanga mafuvu kando ya barabara, yeye akapita akiyaangalia moja moja, amenishika mkono, na kila moja alidhani ni baba. Amesema ametaka kukupenda kwa sababu una sauti nzuri. Lakini mwili wake ukisikia kwenu, unakimbia bila kumwuliza. Ameshindwa kuusimamisha tangu vita mpaka leo, na sasa ni mzee."

"Ndiyo."

"Amesema hanilaani. Amesema tuoane."

Boaz alikaa, ghafla, kama aliyesukumwa.

"Tuoane huko huko tuliko. Tukae huko huko. Usifike Luwero yeye akiwa hai, wala mama yako asifike. Watoto wakija kumwona, waje na mimi peke yangu." Eseza alifuta pua kwa mkono. "Na amesema umwombee radhi kwa mama yako. Kwa yale matoke. Ameshamkaribisha, na sasa anamfukuza, na hajawahi kumfukuza mgeni."

Bata walikuwa wameshiba, wametoka majini, wamelala kwenye nyasi zinazomwagiliwa. Walikuwa katika nchi ya watu. Hapa wangeweza kuoana, kanisani Oud Metha, Mercyline akipiga vigelegele, na hakuna Mwarabu ambaye angeuliza Mwacholi ni nini na Mganda ni nini. Wote wawili wangekuwa Waafrika tu, wenye sare.

"Huko huko," Boaz alisema.

"Huko huko."

Akafikiri kidogo.

"Visa yako inaisha lini?"

"Mwezi wa kumi. Wanasema hawatazirefusha, wanaleta Wafilipino. Yako?"

"Wa nane. Halafu hatuna tena huko huko."

Eseza aliichukua simu kwenye benchi, akaitia kwenye mkoba, akaufunga zipu.

"Basi tuoane mwezi huu," alisema. "Tusipoteze hata mwezi mmoja."